Nilikosea mara mbili kuhusu deni la taifa

Ninalo daftari la zamani ambalo sijalitupa. Kwenye ukurasa mmoja wa mwisho wa Februari 2009 niliandika sentensi moja na kuipigia mstari mara mbili: bei zitapasuka kabla miaka mitatu haijaisha. Siku chache kabla ya hapo Barack Obama alikuwa ametia saini sheria ya kuchochea uchumi iliyokadiriwa kugharimu dola bilioni 787, na Benki Kuu ya Marekani ilikuwa tayari inanunua hati fungani, yaani karatasi za deni, kwa fedha ambazo haikuzikopa kwa mtu wala kuzikusanya kwa kodi. Iliziandika tu kwenye vitabu vyake. Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: fedha zikiongezeka na vitu visiongezeke, bei hupanda.

Hofu ile sikuizua mwenyewe. Niliirithi kwa mjomba wangu, mtu aliyeweka hesabu za ofisi za watu kwa miaka mingi na ambaye hajawahi kudaiwa na mtu. Kila ilipotajwa nakisi ya bajeti ya serikali yoyote, jibu lake lilikuwa moja: kukopa harusi, kulipa matanga. Nilimwamini kwa sababu maisha yake yote yalikuwa ushahidi wa maneno hayo.

Miaka mitatu ikapita. Ikapita mitano, ikapita kumi. Bei hazikupasuka. Mwaka 2009 wenyewe, kwa wastani, bei nchini Marekani zilishuka kidogo, na kwa karibu muongo mzima uliofuata mfumuko wa bei ulizunguka asilimia 2 au chini yake. Wakati huohuo fedha zilizokuwa zikiumbwa na Benki Kuu ziliendelea kuongezeka: mizania yake, yaani jumla ya mali iliyo kwenye vitabu vyake, iliyokuwa chini ya dola trilioni 1 kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008, ilifika karibu trilioni 4.5 mwishoni mwa 2014. Sikuwa peke yangu katika kosa langu. Novemba 2010 kundi la wachumi na wawekezaji lilimwandikia Ben Bernanke, gavana wa Benki Kuu hiyo, barua ya wazi wakionya kwamba anahatarisha thamani ya dola na kualika mfumuko wa bei. Walikuwa watu waliosoma kuliko mimi mara nyingi, na muongo ule haukuwapa haki.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichokuwa nimekiruka. Nilikuwa nawaza fedha kama maji yanayomwagwa juu ya bei moja kwa moja, kana kwamba hakuna kitu katikati. Lakini shilingi, dola au yeni haigusi bei mpaka ipite mikononi mwa mtu anayeitumia, na hata akiitumia, kinachofuata kinategemea hali ya yule anayepokea. Oktoba 2009 asilimia 10 ya nguvu kazi ya Marekani haikuwa na ajira. Mitambo ilikuwa imezimwa. Mafundi walikuwa nyumbani wakisubiri simu. Serikali ilipolipia ukarabati wa barabara katika hali ile, mkandarasi hakuwa na sababu ya kupandisha bei. Alikuwa na watu na vifaa vilivyokaa bure, na alishukuru kupata kazi. Fedha ilikuta mikono mitupu ikaipa kazi. Kilichoongezeka ni vitu na huduma, na bei zikabaki karibu palepale.

Sehemu kubwa ya fedha za Benki Kuu, kwa upande wake, haikufika hata barabarani. Ilikaa kwenye akaunti za mabenki ndani ya Benki Kuu yenyewe, kwa sababu mabenki yaliogopa kukopesha na wananchi waliogopa kukopa. Familia zilizokuwa zimezama katika mikopo ya nyumba zilikuwa zinalipa madeni, hazinunui vitu vipya. Hapo ndipo mfano wa mjomba ulipoanza kunipwaya. Mtu mmoja akibana matumizi, anajenga akiba yake, ni busara. Wote wakibana siku moja, hakuna anayefanikiwa, maana matumizi ya huyu ndiyo kipato cha yule. Mimi nisiponunua, wewe huuzi. Usipouza, hulipi mshahara. Asiyelipwa mshahara naye hanunui. Katika mzunguko wa namna hiyo lazima awepo mmoja wa kutumia wakati wengine wote wanajibana, na mwenye uwezo wa kufanya hivyo bila kufilisika kesho yake ni serikali inayokopa kwa sarafu yake yenyewe.

Nilipomweleza mjomba haya, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Sawa, mjomba, lakini itajuaje pa kusimama?"

Sikumjibu vizuri. Ningemjibu vizuri siku ile, pengine nisingekosea mara ya pili.

Kosa la pili lilizaliwa na somo la kwanza nililolishika kupita kiasi. Kufikia 2020 nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba wanaopiga kelele za mfumuko wa bei ni watu wasiosoma historia ya karibuni. Ulipokuja ugonjwa wa Uviko, serikali karibu zote zilifungua hazina, na zilikuwa sahihi. Huwezi kumwambia mtu akae ndani halafu umwache afe njaa. Marekani ilipitisha sheria ya dola trilioni 2.2 Machi 2020, ikaongeza karibu bilioni 900 Desemba mwaka huo, kisha Machi 2021, chini ya Joe Biden, ikapitisha nyingine ya trilioni 1.9. Watu wazima wengi walitumiwa fedha mkononi mara tatu: dola 1,200, kisha 600, kisha 1,400.

Kabla ya sheria hiyo ya tatu kupita, Lawrence Summers, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya chama hichohicho cha Biden, Democratic, alionya hadharani kwamba kiasi kile kilizidi pengo lililokuwa likizibwa na kingeweza kuleta mfumuko wa bei ambao kizazi kizima hakijauona. Nakumbuka nilivyolisoma onyo lake: kwa kuchoka, kama mtu anayesikiliza habari ya mwaka jana. Nilimwambia mjomba asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hata Benki Kuu yenyewe inasema ni jambo la kupita.

Mei 2021 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 5. Desemba, 7. Juni 2022, 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka arobaini.

Nimerudia mara nyingi kujiuliza nini kilitofautiana, na jibu langu ni lilelile swali la mikono. Mwaka 2009 fedha ilikuta mikono mitupu. Mwaka 2021 ilikuta mikono iliyofungwa. Viwanda vya vipuri vya kielektroniki vilikuwa vimelemewa na maagizo, meli zilipanga foleni nje ya bandari, makasha yalikuwa upande mmoja wa dunia huku mizigo iko upande mwingine. Na watu, kwa kuwa hawakuweza kwenda kula nje wala kusafiri, walielekeza fedha zao zote kwenye vitu: samani, kompyuta, magari. Hitaji likaongezeka mahali hasa ambapo ugavi ulikuwa umebanwa. Ukimpa mtu fedha ya kununua gari wakati kiwanda hakina vipuri vya kuliunda, hujaongeza gari hata moja duniani. Umeongeza tu idadi ya watu wanaoligombania.

Hapa lazima nitende haki, kwa sababu wapo wanaotaka kulaumu fedha za serikali kwa kila kitu. Katika nchi zinazotumia yuro, mfumuko ulifika asilimia 10.6 Oktoba 2022, na Uingereza mwezi huohuo 11.1, ingawa hakuna serikali huko iliyogawa fedha mkononi kwa ukubwa ule. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine Februari 2022 na bei za nishati na nafaka zikaruka. Hilo halikuwa kosa la bajeti ya mtu. Lakini ukitazama tarehe, bei za Marekani zilikuwa zimeshapanda kwa asilimia 7 kabla ya kifaru cha kwanza kuvuka mpaka. Ninavyoamini, ugavi uliokatika ulikuwa kuni na fedha zilizozidi zilikuwa mafuta ya taa. Wachumi bado wanabishana juu ya kiasi cha kila kimoja. Kwamba vyote viwili vilikuwepo, mimi sina shaka tena.

Na bado kuna upande mwingine wa hesabu ambao siwezi kuuacha, kwa sababu ndio unaonizuia kurudi kwenye daftari la 2009 na kusema mjomba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa kipimo cha umaskini kinachohesabu na misaada ya serikali, watoto maskini nchini Marekani walishuka hadi asilimia 5.2 mwaka 2021, kiwango cha chini kabisa tangu kipimo hicho kianze kutumika. Mwaka uliofuata, misaada ilipokwisha, kilipanda hadi 12.4. Ukosefu wa ajira uliokuwa zaidi ya asilimia 14 Aprili 2020 ulikuwa chini ya 4 kufikia mwanzo wa 2022, wakati baada ya msukosuko wa 2008 safari ya kurudi chini ilichukua miaka mingi, na kuna vijana waliopoteza miaka yao ya kwanza ya kazi ambayo haikurudi. Anayetaja zile asilimia 9.1 bila kutaja hawa anasoma ukurasa mmoja wa kitabu cha hesabu. Anayetaja hawa bila kutaja zile 9.1 naye anasoma ukurasa mmoja.

Mimi nilijifunza maana ya ule ukurasa wa bei kupitia mama yangu. Anaishi kwa pensheni ya kiasi kilekile kila mwezi, iliyopangwa siku alipostaafu. Mwaka bei zilipopaa, hakuna aliyemtumia barua kumwambia kwamba pensheni yake imekatwa. Hakuna bunge lililokaa likapiga kura ya kumkata. Kiasi kwenye karatasi kilikuwa kilekile hadi senti ya mwisho. Alianza tu kuacha vitu, kimoja kimoja, bila kusema, mpaka siku nilipogundua kwamba dawa moja anainywa siku moja na kuiruka siku ya pili ili imfikishe mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimetumia miezi kuwaambia watu kwamba mfumuko huu ni wa kupita. Ulipita kweli, kwa maana kwamba kasi ilipungua. Bei zenyewe hazikurudi zilikotoka. Hilo ndilo neno ambalo wataalamu hulisema kwa haraka na ambalo mstaafu huliishi: mfumuko ukishuka, bei hazishuki, zinaacha tu kukimbia.

Kodi hupitishwa na watu wenye majina, ambao unaweza kuwanyima kura. Mfumuko wa bei hukusanya bila jina, na huanza na wasio na nguvu ya kudai nyongeza. Mwenye nyumba na mkopo wa riba isiyobadilika hunufaika, kwa kuwa deni lake linayeyuka. Mkopaji mkubwa kuliko wote, yaani serikali, hunufaika zaidi.

Ukitaka kuona jinsi jambo hili linavyofanya kazi kwa muda mrefu, itazame Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia deni lake lilikuwa karibu asilimia 250 ya pato la taifa, kiasi ambacho leo kingetajwa kama mwisho wa dunia. Na ikiwa na mzigo huohuo kichwani, mwaka 1948 ilianzisha huduma ya afya ya taifa inayotibu kila raia. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 deni lilikuwa limeshuka hadi karibu asilimia 50. Kilichotokea ni kwamba uchumi ulikua, riba zilishikiliwa chini, na bei zikapanda mwaka baada ya mwaka, hadi zaidi ya asilimia 24 mwaka 1975. Pato kwa fedha za siku hizo lilikua haraka kuliko deni, na deni likabaki dogo kama mti wa zamani katikati ya maghorofa.

Lakini deni la mmoja ni mali ya mwingine. Mwaka 1917 serikali hiyo iliwaomba raia wake, kwa jina la uzalendo, wanunue hati fungani za vita zenye riba ya asilimia 5. Mwaka 1932 iliwashawishi wenye hati hizo, kwa jina la uzalendo tena, wakubali riba ya 3.5 bila tarehe ya kurudishiwa fedha zao. Hati hizo zikakaa mikononi mwa familia, zikarithiwa, zikapitia vita nyingine na bei za miaka ya 1970. Zililipwa zote Machi 2015. Jumla ilikuwa pauni bilioni 1.9 kwa zaidi ya wenye hati 120,000, wengi wao wakiwa na kiasi kidogo. Kila pauni iliyoahidiwa ililipwa. Ila pauni iliyorudi haikuwa tena na nguvu ya ile iliyotolewa. Sehemu kubwa kabisa ya thamani yake ilikuwa imeliwa njiani.

Mjomba alipenda sana habari hii. Alisema hiyo ndiyo matanga yenyewe.

Hata hivyo Uingereza ilikuwa inadaiwa kwa sehemu kubwa kwa pauni, sarafu iliyoitoa yenyewe. Anayedaiwa kwa sarafu ya mwenzake hana njia hiyo, na kwake maneno ya mjomba ni ya kweli neno kwa neno. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupambana na bei Machi 2022, ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 kufikia Julai 2023. Ilikuwa dawa ya ugonjwa wa Marekani, lakini uchungu wake ulisambaa: dola ikapanda, na kila nchi yenye deni la dola ikaona mzigo wake unakua bila kukopa hata senti mpya. Sri Lanka, iliyokuwa tayari imeishiwa fedha za kigeni, ilitangaza Aprili 2022 kwamba inasimamisha malipo ya deni lake la nje, na kufikia Septemba bei zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 70 ndani ya mwaka. Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje Desemba mwaka huo, mfumuko ukiwa umepita asilimia 54. Ilikuwa hivihivi 1982, Mexico iliposema haiwezi kulipa baada ya Paul Volcker, gavana wa Benki Kuu ya Marekani wakati huo, kupandisha riba za dola ili kuua mfumuko wa miaka ya 1970. Nikisikia mtu akilinganisha deni la Japani, lililozidi asilimia 200 ya pato lake na kuishi kwa miaka ishirini bila mfumuko wa maana, na deni la nchi inayokopa kwa dola, najua anazungumzia vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja tu.

Na ule mfano ambao wote huukimbilia, Ujerumani ya 1923, nao nimeusoma upya kwa macho haya. Huwa unasimuliwa kama hadithi ya mashine ya kuchapa noti iliyoachwa bila breki. Ni kweli kwamba kufikia Novemba mwaka huo dola moja ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Lakini serikali ile ilidaiwa fidia ya Vita vya Kwanza vya Dunia ambayo haikuweza kuilipa kwa marki za karatasi, na Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliikalia Ruhr, moyo wa makaa na chuma. Wafanyakazi wa huko waligoma kuwatumikia wavamizi, na serikali ikawalipa mishahara wakiwa hawazalishi, kwa noti mpya. Fedha zikaongezeka huku uzalishaji ukikatwa. Ni ile mikono iliyofungwa tena, safari hii kwa kiwango kilichoangamiza akiba za tabaka zima.

Siku hizi, nikisikia serikali fulani imetangaza mpango wa kuchochea uchumi, nimeacha kuuliza kwanza deni ni trilioni ngapi. Nauliza nani hana kazi leo, na fedha hii itamfikia yeye au itampita. Kama kuna kitu kimebanwa, bandari, umeme, vipuri, ujuzi, nauliza kama mpango unakifungua au unaongeza watu mlangoni. Nauliza deni ni kwa sarafu ya nani. Nauliza pia kama kuna tarehe ya kusimama iliyoandikwa kwenye sheria yenyewe, kwa mfano msaada unaopungua kadiri ajira inavyorudi, kwa sababu mwanasiasa hajawahi kuona wakati mwafaka wa kusimama na sidhani ataanza sasa. Hilo la mwisho ndilo jibu ambalo mjomba alikuwa akilingoja kwangu miaka yote ile.

Nilimpa mwezi uliopita, kwa simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kuhusu riba. Alikuwa amesoma kwamba katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilitumia zaidi kulipia riba ya deni lake kuliko ilivyotumia kwa jeshi lake lote, na alitaka kujua nani anapokea fedha hizo. Nikamwambia ni wenye hati fungani: mabenki, mifuko ya pensheni, serikali za nje, watu wenye akiba.

"Na dada yangu yumo?" akauliza. Alikuwa anamsema mama.

Nikamwambia hayumo.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwake na miwani yake na kalamu, wakaweka karatasi zake zote mezani, wakaanza kuhesabu dawa kwanza.